Mchungaji Hiribae, Aliyefunga Biblia Akaenda Hulugho

Mwaka umetimia, Hiribae, tangu ututoke Jumatano ile asubuhi kwa ugonjwa wa figo. Ulikuwa na miaka arobaini na sita.

Nyanya yako Raheli ndiye aliyekulea hapa Garissa, kando ya mto, mama yako alipofariki. Ufundi ulijifunzia kwenye pampu za kunyweshea migomba, kisha idara ya maji ikakuajiri kutengeneza pampu za visima. Kabla ya kufungua pampu uliipiga makofi mawili, kama anayemtuliza punda. Chai uliipenda ikiwa imepoa. Mwezi wa Ramadhani hukuinywa barazani hata mara moja, kwa ajili ya jirani yetu Ebla aliyekuwa akifunga.

Uliposema unataka kuwa mchungaji, nyanya alikuuliza, "Kazi ya maji ina pensheni. Hiyo nyingine ina nini?"

"Ina watu, Nyanya."

"Hata kisimani wako watu."

Ulicheka, ila ukamwahidi kwamba hutawekewa mikono ya uchungaji kabla hajakubali. Ukabaki mwinjilisti miaka sita, Jumapili mimbarini, siku nyingine na spana. Hakukubali. Aliogopa utatumwa mbali, naye abaki peke yake.

Kisha Jumapili moja wazee wa kanisa wakaja kukusikiliza, waamue kama unafaa. Ulikuwa ndiyo kwanza umefungua Biblia simu ilipolia. Alikuwa Mzee Dekow, mfugaji wa kule Hulugho: pampu imekufa, mifugo siku ya tatu bila maji. Uliwaomba wazee radhi, ukafunga Biblia, ukaondoka.

Uliporudi Jumanne, umejaa vumbi na mafuta, walikuwa wamekwisha kwenda na kuacha barua: asiyeweza kukaa na kundi lake Jumapili moja hafai kulichunga. Uliisoma umesimama, ukaikunja, ukaenda kuoga. Nyanya akakupikia wali.

Wiki mbili baadaye Mzee Dekow alishuka kwenye lori la mbuzi na dumu la maziwa ya ngamia, akauliza kanisa liko wapi. Akawakuta wazee mkutanoni.

"Asalaam aleikum. Mimi sikuja kusali, wallahi," alisema. "Nakuja kuuliza. Huyu fundi yenu ameacha sala yake, amelala kwa mashine siku mbili, ngamia yangu yote imekunywa. Sasa nasikia mmemkataa. Kama nyinyi hamtaki, sisi tunachukua. Hata bibi tutamtafutia."

"Ana mke tayari, mzee," mmoja akamjibu.

"Basi tunachukua na mke."

Walicheka hadi wakafuta machozi. Kabla ya adhuhuri ile barua ilikuwa imebatilishwa, na kilichobaki ni neno la nyanya yako. Ulimwambia, "Nitangoja." Baada ya miezi mitatu alikwambia uwaite wazee.

Siku ya kuwekewa mikono, askofu aliuliza, kama ilivyo desturi, ni nani katika jamaa anayekutoa kwa kazi hii. Watu wakaanza kukohoa. Kisha nyanya akasimama. "Namtoa mimi. Lakini pampu ikiharibika, mumwachilie."

Ulitumwa Elwak, kama alivyoogopa. Miaka kumi na moja, kila mwezi, ulisafiri kuja kumwona. Ulimletea sukari, ukachuchumaa kumkata kucha za miguu kwa kuwa mgongo wake haukukunjika tena.

Kuna jambo hukuambiwa. Ile barua ya kukukataa ilipokuja, nyanya yako alifurahi. Wali ule ulikuwa wa furaha. Wewe ulidhani anakufariji, ukala wote, ukamshika mkono ukamshukuru. Alitaka kukwambia kila ulipokuja. Leo anakwambia, na anakuomba umsamehe.

Unakumbukwa na mkeo Damari, wanao Buya na Eunike, wadogo zako, washirika wa Elwak na Garissa, Ebla na nyumba yake, Mzee Dekow, na nyanya yako Raheli.

Hatutachoka kukutaja.