Chafya ya Moraa

Chepkoech mjukuu wangu,

Hatujambo, majani ya chai tunachuma, ila baba yako bado anasafishwa damu kwa mashine. Unauliza Moraa ni nani kwetu hata atake kumpa figo.

Baba yako alipozaliwa, akina mama walimnusisha ugoro wakiita majina ya marehemu wetu. Mtoto akipiga chafya, aliyetajwa ndiye amerudi. Walipomtaja baba mkwe wangu, baba yako alinyamaza. Aliyepiga chafya ni Moraa, mtoto mchanga wa jirani yetu Mkisii. Tulicheka sana.

Sasa ukoo mzima tumepimwa, na ambaye figo yake inalingana na ya baba yako ni Moraa peke yake.

“Mama, hawa ni ndugu?” daktari aliniuliza.

Nikataja lile jina la baba mkwe kimoyomoyo. Moraa akapiga chafya.

Bibi yako, Gogo