Vitabu vya Mshairi Vimo Kwenye Buti la Gari Langu

Dada Yasinta, nakuandikia nikiwa ndani ya gari nje ya kliniki ninayofanyia kazi hapa Irving, Marekani, kwa sababu nyumbani siwezi kuandika wala kulia, nami nakuomba unisaidie kabla mavyaa wangu hajapanda ndege akaondoka na kinyongo.

Nina mume, Abdulghafur, anaendesha gari la abiria wa uwanja wa ndege, mtu wa swala zake na kazi yake, hajawahi kuninyanyulia mkono wala sauti, na tuna binti mmoja, Nahla, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Mavyaa wangu huyo, yaani mama yake mume wangu, Bi Mwatumu, tulimleta kutoka Wete, Pemba, macho yalipoanza kumsumbua, akatibiwa, akabaki nasi. Shida ikawa lugha, maana Nahla ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, na bibi yake Kiingereza anachokijua ni cha kusalimia tu, basi wakawa wanakaa kwenye sofa moja kama watu wanaosubiri daktari.

Halafu mwalimu akampa Nahla kitabu cha mashairi cha mwanamke mmoja wa Kimarekani, ni marehemu sasa, huku wanamheshimu sana na picha yake imetundikwa kwenye maktaba yetu, jina lake silitaji maana yeye hayumo katika ugomvi wetu. Mtoto akampenda kiasi kwamba alipomaliza vitabu alivyoandika akaanza kutafuta vilivyoandikwa juu yake, maisha yake, barua zake, kila kitu, mpaka chumba kikajaa sura ya mwanamke yule. Siku moja bibi yake akamwuliza, "Huyo unayeshinda naye kutwa, anasema nini?" Nahla akajaribu kueleza kwa Kiswahili chake kilichopinda, na mavyaa wangu, ambaye kwao Wete watu walikuwa wanamfuata awatungie mashairi ya harusi, akamwambia, "Hilo neno halikai hapo. Nieleze tena, nikupe jengine."

Tangu hapo, dada, hawakuachana. Nikirudi kazini nawakuta mezani, huyu anaeleza, huyu anatafuta vina, wanabishana, wanacheka, na Kiswahili cha mwanangu kikanyooka kuliko miaka yote niliyomsumbua mimi. Kuna shairi moja la mwanamke anayekanda mkate huku akijua hatakuwapo nyumbani utakapoiva. Nahla alipomweleza hilo, Bi Mwatumu akasema, "Hili tulifanye taratibu." Walipolimaliza wakalipeleka maktaba, na watu wa maktaba wakawaomba walisome pamoja na mengine siku ya familia, mjukuu kwa Kiingereza na bibi kwa Kiswahili.

Sasa ndipo mume wangu alipokuta kile kitabu cha maisha ya mshairi juu ya meza, akakifungua penye picha za watoto wawili, akasoma kwamba mama yao aliwaacha kwa baba yao akahamia mji mwengine ili aandike. Akamwita Nahla, akamwuliza, "Huyu ndiye mnayemsifu humu ndani?" Nahla akasema, "Baba, hujasoma kitabu chote." Naye akajibu, na sauti ile sikuwahi kuisikia, "Sihitaji kusoma. Mimi nimelelewa na shangazi. Mtoto aliyeachwa hahitaji kusomewa."

Bi Mwatumu alikuwa jikoni, alisikia yote.

Nikueleze, dada, kwamba ni kweli, Bi Mwatumu aliachika mume wangu akiwa mdogo, akaenda Maskati akashona nguo huko miaka mingi, na mtoto akabaki kwa ndugu za baba. Jambo hili kwetu halizungumzwi. Mume wangu anamtunza mama yake, dawa, nguo, kila kitu, lakini hakai naye wakazungumza.

Siku ile Bi Mwatumu alitoka jikoni akasema tu, "Nirudishe kwetu, Ghafur." Na mume wangu akamkatia tiketi. Ndege ni siku chache kabla ya siku ya maktaba. Mimi niliambiwa niviondoe vile vitabu, nikasema nimevirudisha maktaba, lakini vingine ni vya Nahla mwenyewe, basi nimevificha kwenye buti la gari na ninazunguka navyo kama mtu aliyeiba. Nahla hataki kula meza moja na baba yake. Bi Mwatumu anafunga mizigo na hasemi na mwanawe. Kila mmoja ananitumia mimi nimfikishie mwenzake maneno, nami nayapunguza makali njiani, nimechoka. Je, nimbembeleze mume wangu, au nimwache mavyaa aende kwa amani, au nimwambie Nahla aachane na mshairi huyo?

Mama Nahla, Irving

Mama Nahla, pole. Barua yako nimeisoma hapa Stafford mara mbili, ya pili nikaisoma nimesimama.

Kwanza, nenda ukafungue buti. Umemdanganya mumeo kuhusu vitabu, na nyumba yenu ina ya kufichwa ya kutosha. Mwambie, "Sikuvirudisha, viko hapa," kisha viweke sebuleni mahali anapoviona. Akinuna, anune. Najua ulificha kwa kutaka amani, lakini unayoilinda si amani, ni ukimya tu.

Pili, mume wako usimfanye katili, maana si katili. Mtu anayekasirikia mwanamke asiyemjua, aliyekufa, kwenye kitabu cha Kiingereza, ana neno na mtu mwengine anayemjua. Na amelisema. Miaka yote hiyo kalinyamazia, siku hiyo likamtoka. Ninyi mkalisikia kama tusi, mimi nimelisikia kama swali. Na wa kulijibu ni mmoja tu, naye anafunga mizigo.

Kwa hiyo wewe toka katikati. Acha kabisa kubeba maneno ya watu na kuyapunguza makali. Makali hayo ni yao. Nenda kwa mavyaa wako, kwa adabu zote, umwambie, "Mama, ukitaka kwenda tutakusindikiza, lakini usiondoke kabla hujazungumza na mwanao." Usimfundishe la kusema. Usimtetee kwa mumeo, kwa sababu hujui yaliyotokea, na huenda utetezi wako si wa kweli. Kisha waandalie chai, mchukue Nahla, mtoke. Nendeni dukani, mzunguke huko bila haraka.

Na Nahla nitamwambia mwenyewe, maana najua atasoma hapa. Binti yangu, unaweza kupenda mashairi ya mtu bila kupenda kila alilolitenda. Baba yako naye ana haki ya kuumia. Umesema hajasoma kitabu chote. Basi wewe uliyekisoma, kaa naye umweleze yaliyowapata wale watoto mpaka mwisho, kwa Kiswahili ulichofundishwa na bibi yako. Usimbishie. Mweleze tu, kisha umsikilize.

Tiketi inaweza kubadilishwa. Bi Mwatumu akiondoka kimya hivi, sijui nani atamjibu mumeo tena. Fanya hivyo wiki hii, si wiki ijayo.

Dada Yasinta

Mama Nahla alituandikia tena, na ameturuhusu tuchapishe.

Dada Yasinta, nilifanya ulivyosema. Vitabu niliviweka sebuleni, mume wangu akaviangalia akapita. Jumapili nikaandaa chai nikatoka na Nahla. Tuliporudi, wote wawili bado walikuwa mezani, chai imepoa, na macho ya mume wangu mekundu.

Baadaye alinieleza. Alimwuliza mama yake kama ndugu za baba walimzuia kumchukua, kwa sababu utotoni alijipa moyo hivyo. Na mama yake akamjibu, "Hawakunizuia. Ningeng'ang'ania wangenipa. Niliogopa umasikini, nikaogopa kurudi kwetu na mtoto, nikakuacha. Sina jengine la kukupa ila huo ukweli." Mume wangu anasema liliuma kuliko alivyotazamia, lakini alikuwa tayari amechoka kuumizwa na lile asilolijua.

Siku ya pili Nahla alikaa naye na kile kitabu. Akamweleza kwamba mmoja wa watoto wale alimsamehe mama yake ukubwani na mwengine hakumsamehe, na kitabu hakimlaumu yeyote kati yao. Baba yake akauliza, "Yule ambaye hakusamehe, alikwenda mazikoni?" Nahla akasema alikwenda.

Tiketi aliiahirisha yeye mwenyewe, sikumwomba. Siku ya maktaba alitupeleka, akabaki kwenye maegesho mpaka tukaanza, halafu nikamwona amesimama karibu na mlango. Bi Mwatumu alisoma bila kutazama karatasi. Walipofika kwenye lile la mkate, mume wangu alitoka nje, na mama yake alimwona akitoka, akaendelea kusoma hadi mwisho. Kumbe alikwenda kuliwasha gari lipoe kwa kiyoyozi, mama asiingie kwenye joto.

Sitakudanganya kwamba mambo yamekwisha. Kuna siku anarudi hamsemeshi mama yake. Lakini jana alipoingia alivua viatu, akapita chumbani kwetu, akapita kwa Nahla, akaenda kukaa kitandani kwa mama yake, akamwuliza, "Umekula?" Nami nikaufunga mlango wa jikoni ili wasinisikie nikilia.