Pete Ndani ya Kopo la Maziwa

Jumatatu, 4 Machi

Daktari kamwambia binti yangu nimebakiza wiki mbili, labda tatu. Kamwambia koridoni, kana kwamba masikio yangu yameshatangulia kaburini.

Binti kauliza amwite nani. Hakuna, nikasema. "Baba mdogo nitampigia, upende usipende." Miaka ishirini na sita sijasemezana na mdogo wangu. Ningetaka ibaki hivyo.

Jumanne, 5 Machi

Kaja. Shikamoo hakunipa. Kasimama mlangoni, kofia kichwani. "Mkaguzi, bado tu hujafa?" Nikamwambia asogee, ananizibia mwanga. Binti kaleta chai. Vikombe vyote viwili vikapoa.

Namchukia bado. Nilidhani uzee ungepunguza.

Alhamisi, 7 Machi

Niandike kabla mkono haujagoma.

Sheria niliifundisha mwenyewe pale karakana, nikiwa mkaguzi: mnyororo wa kreni haukaguliwi ukiwa umekaza. Teremsha mzigo. Legeza, futa grisi, geuza pete moja moja, pima pale pete inapolala juu ya mwenzake — ndipo inapolika. Mnyororo ukikaza, pete zinafichiana siri. Ukiridhika, unaupaka alama ya kijani.

Asubuhi ile, miaka ishirini na sita iliyopita, mdogo wangu, dereva wa kreni, alikuwa na mzigo hewani. Nikamwambia ateremshe. Akachungulia kutoka kibandani juu: "Mzee wa brashi, paka uende zako!" Karakana nzima ikacheka.

Nikapaka. Sikugeuza hata pete moja. Nilijua umechakaa? Sikujua. Sikutaka kujua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nikasema moyoni.

Saa nne ukakatika. Guu halikuwa lake. Mfunga mizigo alikuwa chini, na mkewe ana mimba ya miezi saba.

Ijumaa, 8 Machi

Lililobaki. Pete iliyokatika niliiokota kabla wachunguzi hawajafika. Nikawaambia mnyororo ulikuwa mzima, alama si hiyo hapo, dereva kauvuta kwa pupa. Wakamfukuza. Hakupewa kreni tena popote. Mjane akimwona huvuka barabara. Mimi alinipa kiti msibani.

Woga? Ningependa kuandika woga. Nilifurahi kidogo.

Jumapili, 10 Machi

Karudi. Nikamwomba binti atoe kopo la maziwa ya unga uvunguni. Nikampa mdogo wangu ile pete. Sikueleza. Akapitisha kidole gumba pale ilipolika, kandokando ya mkato. Akarudia. Akavua kofia.

Afadhali angenipiga. Aliuliza tu kipimio changu kiko wapi. Droo ya pili, binti akasema — hajui alichokisema.

"Pima. Mbele yangu. Na polepole, kaka, leo hakuna mzigo hewani."

Kaka! Tangu lini.

Pete mpya ina unene wa milimita kumi na sita. Ikishuka chini ya kumi na nne na nusu, mnyororo unatupwa. Nimepima mara tatu. Kasema niandike humu humu. Naandika: kumi na moja.

Sasa anataka na jina langu kamili chini yake. Atachana kurasa hizi, ampelekee mjane leo hii. Binti anamsihi: baba mdogo, mwache, mtu anakufa.

"Ndiyo maana nina haraka."

Ameshaishika kona ya karatasi. Jina sijaandika. Nimeikandamiza kwa kiganja, naye havuti, anangoja tu