Mlango wa Mvule

Jumatatu, 1 Oktoba 1956. Kanazi

Madirisha manne tena. Fundi Zakaria anataka ya shule ya misheni yaishe kabla mvua haijakaza. Randa imekuwa butu, nimeinoa mara tatu. Mkono wa kulia umevimba.

Jioni nimepitia ofisi ya gombolola, kwa karani. Amenipa fomu ya msaada. Hatimaye. Barua ya chuo cha ufundi ninayo tangu Agosti, imeanza kuchanika kwenye mikunjo kwa kusomwa. Nafasi ninayo, miaka mitatu, useremala na ujenzi. Ada sina. Nauli ya meli na treni sina. Hazina ya Wenyeji inawalipia vijana wachache ambao wazazi wao hawajiwezi, na umri usizidi miaka ishirini na moja siku ya kuchaguliwa, mwezi wa Novemba. Nimetimiza ishirini na moja mwezi wa saba. Mwakani kwao mimi ni maiti. Basi ni mwaka huu, au ni madirisha ya watu mpaka nizeeke.

Jumamosi, 6 Oktoba. Muleba

Nimekuja na lori la kahawa, juu ya magunia. Tumegombana na baba, Tata, kabla hata sijanawa miguu.

Fomu ina mstari: Hali ya mzazi. Tajiri, wa kati, maskini. Kata yasiyohusika. Nilipomsomea aliweka kiko chini. Akauliza nani ataisoma karatasi hiyo. Nikamwambia mkungu anayetutawala hapa, kisha karani, halafu wakubwa wa Bukoba.

"Mkungu huyu nilimfundisha ngoma mimi, kule kikaleni kwa Mukama," akasema, maana ujanani alipiga ngoma kwenye jumba la mfalme. "Leo asome kwamba mimi ni mworo?"

Mworo, maskini. Kwake hilo ni tusi, si hali ya mtu. Sasa niandike nini? Nusu ya kibanja chetu cha migomba na kahawa iliuzwa mwaka ule mama, Mae, alipopasuliwa tumbo. Mibuni iliyobaki ni ya babu, inazaa ikipenda. Mlango wetu ni wa matete, mbuzi wa jirani anausukuma kwa kichwa na kuingia. Kama sisi si maskini, maskini ni nani?

Nampenda mzee wangu. Leo nina hasira naye.

Jumapili, 7 Oktoba. Muleba

Mae ameokoa jambo. Baada ya ibada walikaa wawili jikoni, sikusikia walichosema. Tata akatoka, akaniambia niandike idadi tu, lile neno niliache. Nikaandika mibuni, ukubwa wa kibanja, ng'ombe hakuna. Mstari wa hali nimeuacha kama ulivyo, haukukatwa kitu. Akaweka dole gumba. Mkungu akapiga muhuri bila kusoma hata mstari mmoja. Ugomvi wote wa jana ulikuwa wa nini?

Alhamisi, 25 Oktoba. Kanazi

Barua kutoka Bukoba. Kwa kuwa sehemu ya hali ya mzazi haikujazwa, mkaguzi atafika nyumbani Jumamosi ya tarehe 10 Novemba kujionea mwenyewe.

Nilifurahi kama mwehu. Aje! Aone matete, aone paa linavyovuja. Macho yake yataandika lile neno ambalo Tata hataki liandikwe. Nimetuma habari nyumbani kupitia dereva wa lori.

Jumanne, 30 Oktoba. Kanazi

Nimepata wazo. Mkaguzi akija asione umaskini peke yake, aone pia kwamba huyu kijana ana mkono. Wasije wakatupa fedha yao kwa mtu asiyejua kushika patasi. Nimemwomba Fundi vipande vya mvule vilivyobaki kwenye milango ya misheni. Amenipa, na bawaba mbili za zamani. Natengeneza mlango. Paneli nne. Nafanya kazi kila jioni mpaka nisione mstari wa penseli.

Jumanne, 6 Novemba. Kanazi

Umekwisha. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri namna hii. Fundi aliupitishia kiganja, akaguna tu. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Ijumaa, 9 Novemba. Muleba

Nimefika na mlango mgongoni kutoka barabarani. Nilipofika uani nikadhani nimekosea nyumba.

Uwanja umefagiwa mpaka udongo unang'aa. Ndani wametandika nyasi mbichi, nene, kama za harusi. Ng'ombe wawili wa jirani yetu Ta Felisiani wamefungwa nyuma ya nyumba. Baiskeli ya Ta Felisiani imeegemezwa ukutani. Viti vinne, vya nani sijui. Vikombe vya maua vya Ma Paskazia. Mae anachuja rubisi, pombe ya ndizi, majirani wanamsaidia, wote wana furaha kwa ajili yangu. Kijiji kizima kimenikopesha mali.

Nikamvuta Tata pembeni. Nikamwambia mtu huyu anakuja kuona kwamba hatuna. Hatuna! Akaniangalia kama niliyepungukiwa akili. Mtu wa serikali hawezi kuja kwake akakalia udongo. Hilo halijatokea tangu enzi za baba yake na halitatokea yeye akiwa hai.

Nilitaka kuwafungua wale ng'ombe na kuwarudisha mwenyewe. Halafu Ta Felisiani akauona mlango. Akaita wenzake. Wakausimamisha, wakaupapasa, wakabisha hodi kwa mzaha, wakacheka. Tata akasema kwa sauti, huyu ni mwanangu, hajasoma chuo bado. Tukaung'oa ule wa matete, tukaufunga wangu kabla jua halijazama.

Ng'ombe nikawaacha pale pale. Ukweli ni kwamba nilipenda kusifiwa.

Jumamosi, 10 Novemba. Muleba

Mkaguzi amekuja na kuondoka. Mwembamba, soksi ndefu, mpole, Mhaya mwenzetu wa upande wa Bukoba. Ningependa awe mkali. Angekuwa mkali ningeona urahisi.

Tata alimpokea uani amevaa kanzu na koti lake la kikaleni. Mgeni akapewa kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Kuku akachinjwa, jogoo pekee tuliyekuwa naye. Mkaguzi alikula vizuri, akashukuru vizuri, akatoa daftari. Akapita nyuma, akahesabu ng'ombe. Akagusa baiskeli. Akasimama kwenye mlango wangu.

"Mlango mzuri. Mmeununua wapi?"

Nikasema nimetengeneza mwenyewe. Akaandika. Kisha akaniangalia mimi, si Tata.

"Na hivi vyote ni vyenu, kijana?"

Ta Felisiani alikuwa amekaa pale pale, kwenye kiti cha kuazima, karibu na baiskeli yake mwenyewe. Majirani wamejaa uani. Tata alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake. Amekishika kwa mikono miwili.

Nikasema, "Ndiyo, bwana."

Akaandika kwa muda mrefu.

Jumapili, 11 Novemba. Muleba

Sikwenda kanisani. Nimesema tumbo linauma. Ndiyo, bwana. Ndiyo, bwana. Maneno mawili tu.

Jumatano, 28 Novemba. Kanazi

Majina yamebandikwa gombolola. Sita. Nimeyasoma kutoka juu kwenda chini, halafu chini kwenda juu. Simo. Karani akaniambia nisogee, nawakinga wengine.

Nilirudi karakana nikapiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba haufai kitu. Fundi ameona. Hakunikata mshahara. Ameniruhusu kesho niende Bukoba.

Alhamisi, 29 Novemba. Bukoba

Nimesubiri kwenye veranda kuanzia asubuhi mpaka saa nane. Watu wanapita na mifuko ya senene, wanacheka, msimu ni mzuri mwaka huu. Nimewachukia wote.

Karani wa kamati alinitafutia faili, akanisomea. Nyumba imara. Mlango wa mbao wa kazi ya hali ya juu. Viti vinne. Baiskeli. Ng'ombe wawili, ingawa fomu inasema hakuna. Mgeni alichinjiwa. Mzazi anajiweza.

Hali ya juu! Kazi ya mikono yangu.

Nikamweleza kila kitu, mpaka kikombe cha mwisho. Si mtu mbaya. Alisikiliza, akavua miwani, akasema ameona nyumba nyingi za namna hiyo mwaka huu, kamati wala haikasiriki. Lakini maneno yangu hayatoshi, kwa sababu mimi ndiye niliyesema ndiyo. Alete barua mzazi mwenyewe, na dole lake, aseme vitu viliazimwa na hana uwezo. Kijana mmoja katika wale sita amepata kazi ya ualimu, nafasi yake haijajazwa. Mwisho ni Jumatano, tarehe tano, saa sita mchana. Baada ya hapo jina la mwingine linaingia.

Nimelala kwa binamu, huko Ijuganyondo. Barua nimeshaiandika. Mistari minne. Inakosa dole tu.

Jumamosi, 1 Desemba. Muleba

Nilimsomea mbele ya Mae. Nilisoma polepole. Mimi fulani wa Muleba nakiri kwamba mali iliyoonwa na mkaguzi haikuwa yangu. Mimi ni maskini.

Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kidau cha wino kilikuwa mbele yake kwenye mkeka. Akauliza kama barua itasomwa barazani. Nikasema sijui. Ningemwambia hapana. Kwa nini sikumwambia hapana?

"Watasema nilimdanganya mtu aliyekula kwangu," akasema.

Akachukua mundu, akaenda kupunguza majani ya migomba. Mae alilia kimya kimya huku anamenya ndizi. Anasema ni tumbo lake lililokula kibanja, bora angekufa. Nikamwambia asiseme hivyo. Nikachukua kisu kingine, nikamenya naye.

Jumatatu, 3 Desemba. Muleba

Tata ananikwepa. Hana hasira. Kila nikiingia anatoka. Anapita kwenye mlango wangu akiufungua kwa ncha za vidole. Barua bado iko juu ya mkeka, na wino, na jiwe dogo juu ya karatasi isipeperuke.

Jumatano, 5 Desemba. Bukoba

Niliondoka jana na barua bila dole. Leo asubuhi nilikaa nyuma ya soko, nikafungua kidau. Dole langu au la Tata, nani atajua? Nikalichovya. Lilikuwa jeusi mpaka kwenye kucha. Nilibaki nimelishikilia juu ya karatasi.

Sikuliweka. Nisijisifu hapa, hakuna anayesoma. Sikuzuiwa na uadilifu. Niliogopa. Kama wangegundua, wangemwita yeye barazani kuulizwa.

Saa ya boma ilipofika sita nilikuwa bado nimekaa. Nimerudi Kanazi kwa miguu, sehemu kubwa ya njia. Kila niliyesalimiana naye aliangalia dole langu.

Jumanne, 25 Desemba. Kanazi

Sikukuu. Sikwenda nyumbani. Nimemtumia Mae sukari.

Sitaki kitu. Sitaki kula. Namkasirikia Tata, kisha nakumbuka ile mikono na kikombe, najikasirikia mimi. Kisha nakumbuka mlango, naanza upya. Ningekuja mikono mitupu pengine mkaguzi angeona nyuma ya vitu vya kuazima. Ningeyaacha yale matete.

Ijumaa, 4 Januari 1957. Kanazi

Fundi alinituma Bukoba kuchukua misumari. Nilijua ni siku ya meli. Nilikwenda gatini hivyo hivyo, kama mtu anayejikuna kidonda.

Walikuwepo wote sita, viatu vipya, mama zao wamewazunguka. Mmoja ni wa kwetu Muleba. Baba yake ana mibuni mpaka mtoni. Siku ya mkaguzi walimkalisha mgeni juu ya majani ya mgomba na kumpa maji. Amenisalimia vizuri, akasema ataniandikia. Nikamtakia safari njema. Moyoni niliiombea meli izame. Kisha nikaona mama yake, nikafuta ombi hilo.

Misumari ratili nne. Nimeikabidhi.

Jumapili, 13 Januari. Muleba

Nimekuja kwa sababu Mae alituma mtu kwamba Tata ananiita.

Ng'ombe na baiskeli vilisharudi kwao siku nyingi. Nyasi zimekauka, zimefagiliwa. Umebaki mlango tu. Tata alikuwa amekaa kizingitini, amevaa shuka lake la shambani. Akanisalimia kwanza yeye, mimi mtoto. Nikapiga magoti, nikaitikia.

Akafungua kitambaa alichokuwa amekifunga mara nyingi. Ndani yake fomu mpya, haina hata mkunjo. Amekwenda gombolola mwenyewe, kwa miguu, akasimama mbele ya yule mkungu na watu wake, akaiomba. Mae anasema mkungu alimuuliza ya nini, naye akajibu kwa sauti, watu wote wakasikia.

"Mwana wange," akasema. "Andika lile neno."

Nikakaa karibu naye. Nikakata tajiri. Nikakata wa kati. Akataka nimwonyeshe lile lililobaki, liko wapi hasa. Akaliangalia kitambo. Akachovya dole, akalikandamiza kwa nguvu, karatasi ikatoboka kidogo pembeni.

Nikaendelea kujaza sehemu zilizobaki. Hakutoa macho kwenye kalamu. Nilipofika mstari wa juu akauliza hapo nimeandika nini.

Nikasema umri wangu. Sikumwambia kwamba Novemba, watakapochagua tena, utakuwa ishirini na mbili.

Akasema vizuri.

Tumekula ndizi kwa maharage. Mae amenifungia senene waliokaushwa, niende nao. Fomu nimeiweka kwenye sanduku la zana, chini ya randa. Lori linaondoka kesho saa kumi na moja alfajiri.