Samaki Aliyekufia Majini

Don Mills,
Toronto, Kanada.
9 Desemba 2007

Mpendwa Dada Zebunissa,

Salaam aleikum. Kabla ya lolote, nakujulia hali. Magoti yanasemaje? Na presha? Natumaini bado unapanda ngazi za imambara kwenda kusikiliza mawaidha kwa miguu yako mwenyewe na hujaanza kudeka. Sisi huku tunamshukuru Mungu kwa tulichonacho, ingawa mwaka huu hata shukrani yenyewe naitoa kwa kujikaza. Baridi imekuja mapema. Najua huko Bukoba ni msimu wa senene, na watu wanawakimbilia kwenye taa kama wamerukwa na akili. Ungenipa usiku mmoja tu wa joto lile ningekubali na senene wanijae kichwani.

Barua hii nampa Shafiq, mkwe wa Khatijabai, anayesafiri Jumanne. Anakuletea na dawa zako za macho. Usipoteze miwani tena, dada, maana macho mapya huku hawauzi.

Utashangaa kwa nini naandika na hali kila Ijumaa tunaongea kwa simu. Nikikupigia, kaka Hyderali huwa yuko ubavuni mwangu, ananitazama mdomo. Alinikataza kukuambia. Kwa hiyo nasema anaendelea vizuri, anakula kidogo kidogo, na wewe unaniuliza kama nina mafua, mbona sauti imekauka. Sina mafua. Kaka yetu anakufa, Zebu. Ni saratani ya umio, pale chakula kinapopita. Madaktari wameacha kuzungumzia matibabu, sasa wanasema tumpe tu anachotaka.

Nisamehe kwa kukuambia hivi, bila kukushika mkono. Nimejaribu kuandika kwa mzunguko nikachana karatasi.

Alichotaka ni kitu kimoja. Supu ya samaki wa maji baridi, nyepesi, yenye ndimu na bizari, kama ile ya mama. Kila tulichompa kilikuwa kinarudi, uji unarudi, hata maji mengine yanarudi, lakini alisema supu ile itapita. Alisema kwa uhakika kama mtu anayeijua njia. Mkewe Kanizfatema akaondoka mezani akaenda kujifungia bafuni.

Utasema, basi si mnunue samaki? Unamjua kaka yako lakini. Unakumbuka baba alivyokuwa haondoki ufukweni mpaka amshike samaki kwa mkono wake mwenyewe na apigwe mkia. Samaki asiyempiga mkia, yaani asiyetoka majini mzima, hakuingia nyumbani kwetu, hata angekuwa mnono kama mto wa kulalia. Sisi wengine tulikua tukayaacha hayo, tunanunua dukani, tunaangalia magamba, maana kwa madhehebu yetu asiye na gamba si halali, tunasema bismillah, yameisha. Hyderali hakuacha. Tangu afike nchi hii samaki wake anavua mwenyewe, Ziwa Simcoe, kaskazini ya Richmond Hill anakokaa, na amekuwa akienda mpaka barafu imfukuze. Mimi nilikuwa namcheka. Nilimwambia mtu mzima anayesimama kwenye upepo ule kwa hiari yake anahitaji kupimwa kichwa.

Sasa ikabidi niende mimi, ambaye sijawahi kushika mshipi. Nilienda na Gervais, rafiki yake wa miaka mingi, Mkongo wa Uvira. Walikutana kiwandani zamani, wakagundua wote ni watoto wa ziwa, basi wakawa hawaachani. Gervais ni Mkatoliki, mnene, mcheshi, na anamwita Hyderali "grand-frère" yaani kaka mkubwa, ingawa nadhani yeye ndiye mkubwa. Bila yeye nisingejua hata ndoana inafungwaje.

Dada, mwisho wa msimu huku si mchezo. Maji yanaingia kwenye mshipi, mshipi unapita kwenye vitundu vya fimbo, vitundu vinaganda, na wewe unavizibua kwa vidole ambavyo huvisikii tena. Samaki wakubwa ndio wanakula wakati huo kabla ya barafu, kwa hiyo wavuvi wenye wazimu ndio wanabaki. Nilisimama miongoni mwao nimevaa suruali mbili na kofia ya Kanizfatema.

Wa kwanza tulimpata mtoni, trauti. Mzuri, ana madoadoa, nikampeleka nyumbani nikitembea kama bwana harusi. Kanizfatema akampitishia ukucha, akasema hana gamba huyu. Nikasema anayo, ni madogo. Nikampigia Shafiq, Shafiq akasema yapo, yanahitaji macho tu. Tukabishana juu ya sinki mpaka kaka akaita kutoka chumbani, "Mimi sili samaki wa kubishaniwa." Tukampa jirani.

Wa pili alikuwa maski. Huyo ndiye sultani wa maji ya huku, mrefu, mkali, na wenyewe husema utatupa ndoana mara elfu kumi kabla hajakutazama. Hyderali amemtafuta miaka yote hajampata. Akaja kwa Gervais, dada, asubuhi ya mvua ya barafu. Tulimtoa, tukampima, hakufika kipimo cha serikali. Nilimwambia Gervais hapa hakuna mtu. Akanijibu, "Mzee Anwar, Mungu haendake mahali, iko hapa." Akamrudisha, akamshika mkia mpaka alipopata nguvu ya kwenda. Niliapiza nikielekea kwenye gari, na sijui nilikuwa namwapiza nani.

Wa tatu nilimvua mimi.

Alikuwa paiki, jamaa ya huyo maski, ana mdomo kama wa bata uliojaa meno. Magamba yake hayahitaji miwani kuyaona. Aliuma karibu kabisa na gati, nikapiga kelele kama mtoto, Gervais akaja na wavu, tukamtoa. Na alipokuwa pale juu ya mbao nilimshika kwa mikono yote miwili, Zebu, akanipiga mkia. Hapa, kwenye kifundo cha mkono, palivimba. Nililia. Nilimwambia Gervais, huyu baba angemkubali.

Nilikuwa natetemeka na mikono imekufa, Gervais akaniambia niende nikakae garini nipate joto. Alisema atamweka kwenye mtungo. Nilimwona akimpitishia kamba na kumshusha majini kando ya gati. "Atabakia mzuri mule, hataharibika, mpaka tutaenda." Nikamwambia ahsante, ndugu yangu. Niliwasha gari, nikampigia simu Kanizfatema, nikamwambia injika maji.

Niliporudi, kamba ilikuwa imelegea. Gervais akaivuta, samaki akaja kimya, amekufa.

Nilisimama pale na sheria yote ikanirudia, kwa sauti ya mwalimu wetu wa madrasa. Samaki uliyemtoa mzima akafa nje ya maji ni halali. Ukimrudisha, amefungwa au hakufungwa, akafia majini, ni mzoga. Sisi watoto tulikuwa tukicheka, tukiuliza nani mjinga wa kumrudisha samaki majini. Nimempata huyo mjinga, dada. Kumbe miaka yote Hyderali alikuwa anaweka wake kwenye ndoo kavu, na Gervais anatunga wa kwake kwenye kamba, na hakuna aliyewahi kumwuliza mwenzake kwa nini.

Nilipomweleza Gervais, alikaa chini kwenye mbao. "Kumbe ile njo sheria yenu? Na mimi nilijua ni mambo ya ndoo tu. Miaka yote grand-frère hakuniambia." Mtu mzima yule alilia mpaka nikasahau kulia mimi.

Sasa sikiliza. Kutoka ziwani mpaka Richmond Hill ni mwendo wa kutosha kuutafakari uongo. Nilikuwa na samaki halali kwa kila jicho. Magamba anayo, nilimvua kwa mkono wangu, alinipiga mkia, uvimbe ninao. Ningenyamaza tu, na kaka angekunywa supu yake. Gervais alikuwa kiti cha pembeni, samaki mapajani. Nilipofika kwenye taa za mwisho nilikuwa nimeshaamua kunyamaza.

Binti yake, Wajiha, alitufungulia mlango akampokonya Gervais samaki, akakimbia naye jikoni akiita, "Mummy, it's huge!" Nyumba nzima ilinukia tangawizi. Na kaka alikuwa amekaa, Zebu. Alikuwa hajakaa kwa siku nyingi. Walikuwa wamemvisha shati la Idd, shingo yake inaogelea mle ndani kama mchi kwenye kinu, na amenyolewa ndevu vizuri. Alinitazama mkono, akaona uvimbe, akacheka.

"Amekupiga?"

"Amenipiga, bhai."

"Barabara. Na alikufia wapi?"

Baba alikuwa na swali hilohilo, unakumbuka? Akishauliza, hata muuza samaki mwenye mdomo wa asali alikuwa akitazama chini. Na mimi nikatazama chini. Nilisema, "Alikufia majini." Sikupanga kulisema. Lilitoka.

Akafumba macho. Kisha akasema, "Ahsante kwa kutonidanganya. Mpe Gervais, na mwambie asimzidishie pilipili." Mwanawe Hussain alimpigia sheikh papo hapo, kwa Kiingereza chake cha haraka. Sheikh akasema mgonjwa anaruhusiwa ikiwa ni dharura na hakuna kingine. Kaka akasema, "Supu ya kuku ipo kwenye friji. Dharura iko wapi?" Kuku hakupita.

Kanizfatema hajaniangalia usoni tangu siku ile. Alinikuta ukumbini navaa viatu akaniambia kwa sauti ya chini, "Ungenyamaza. Dhambi ingekuwa yako, na yeye angekula." Neno hilo naamka nalo, nalala nalo. Nikiwa msikitini najiambia nilifanya sawa, nikifika kwenye maegesho nasema hapana, nimemnyima kaka yangu tonge la mwisho kwa sababu ya kamba ya Mkongo. Wewe ndiye mkubwa baada yake. Uniambie, na usinionee huruma.

Tulirudi ziwani tena na tena. Msimu wa serikali haujaisha, lakini ziwa limejifunga lenyewe. Ghuba nzima ina utando wa barafu, haubebi mtu na haupitishi ndoana. Juzi Gervais alichukua nyundo akaanza kuivunja kando ya gati, anapiga, barafu inaziba, anapiga. Nilimwacha mpaka alipochoka mwenyewe. Paiki yule hakumla. Amemfunga kwenye gazeti, yumo kwenye friza lake, anasema hawezi kumla na hawezi kumtupa.

Kaka sasa hamezi kitu. Wanamlowanisha midomo kwa pamba. Akili yake iko sawasawa, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi, maana anajua kila kitu.

Jana alinishika mkono hapa palipovimba akanipa ujumbe wako. Hayo ya juu nimeyaongeza mimi bila ruhusa yake, lakini huu ni wa kwake. Anasema ushuke ziwani asubuhi mitumbwi inapoingia. Uchague sato mzima, usimwachie mtu akuchagulie. Umshike mwenyewe, magoti yakubali yasikubali, mpaka akupige mkia. Umpeleke nyumbani, umpike kama mama, ndimu na bizari, nyanya usitie. Kisha ule wewe. Umalize bakuli. Halafu umpigie simu umweleze ilivyokuwa na ladha gani, taratibu, asikose hata kijiko kimoja.

Nilimwambia nitakuambia kwenye simu ya Ijumaa. Akasema hapana, mwandikie, akiambiwa kwa simu atalia na hataweza kula.

Wasalimie wote: Zainulabedin na mkewe, watoto wa marehemu Phyllis aliyetulea pamoja nao, na mzee wa duka la pembeni kama bado anakumbuka jina langu. Wajiha anakusalimu, amenituma nikuandikie neno moja kwa Kiswahili chake, "nakupenda shangazi," basi limefika. Mungu akuhifadhi, akupe nguvu ya haya niliyokutwika, na atukutanishe mahali pasipo na barafu.

Sasa vaa viatu uende, dada, usingoje kesho. Na ukimpigia, usianze na supu. Anza kwa kumwambia samaki alikufia wapi, maana hilo ndilo atakalouliza kwanza.

Mdogo wako ambaye mkono bado unamuuma,
Anwarali