Mlango wa Sinema za Papa

Ganshoren, Bruxelles
Mwezi wa kumi na moja

Kwako Yaya Mwamba, kaka yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi yangu Rolande na watoto. Na Maman je, tension yake ya damu imetulia? Au bado anawakataza wenzake chumvi huku ya kwake anaimimina kwa siri? Sisi huku tupo. Baridi imeanza, na Keren binti yangu amenipita urefu, siku hizi ananitazama kutoka juu kama mkaguzi wa shule.

Anayekuletea barua hii ni Tonton Tshibangu, yule rafiki wa Papa tangu mtaani kwetu Katuba. Nimemwagiza asikupe kabla hujala, maana ukiwa na njaa unasoma kama mtu anayefukuzwa. Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu wakati simu ipo. Lakini simu ya nyumbani kwenu unaijua: mtu akipiga tu, Maman anaiweka haut-parleur na ua mzima unasikiliza. Nawe Jumapili ile uliniuliza Papa anarudi lini, nami nikakimbilia kukuuliza habari za umeme. Swali lako nitalijibu humu. Ninaloomba ni moja tu, usiruke kurasa. Soma kama Papa alivyotufundisha kutazama sinema.

Unakikumbuka chumba chetu cha video? Televisheni moja, mabenchi, pazia zito la kuzuia jua, na Papa amesimama pembeni akiwafasiria watu kwa Swahili. Kwenye filamu za kupigana alipiga domo mpaka sauti ikakauka. Lakini zikija zile za kutisha, za polepole, nyumba kuukuu, mwanamke na taa yake, ngazi inayolia, alinyamaza. Alisema tu, “Muangalie ile mulango.” Basi watu wote kimya, hata muuza karanga. Wewe ulijifanya dume, lakini mkono wangu uliuminya mpaka ukafa ganzi. Usikatae, kesho yake nilikwenda shule na alama za kucha zako.

Alipokuja huku kutibiwa moyo, niliogopa kwamba atakaa dirishani anahesabu mabasi. Kumbe Keren akamponya na upweke. Vijana wa leo wanapenda sinema mpya zilizotengenezwa kama za kale: picha ina chembechembe kama ya kaseti iliyochakaa, simu ni za kuzungusha namba, muziki ni kinanda kimoja, na kamera haina haraka ya kwenda popote. Keren alimwekea moja, nia yake ikiwa kumcheka. Papa alivua kofia, akavuta kiti mbele. Muda ukapita, hakuna kilichotokea, mwanamke anapanga sahani tu. Keren akachoka, akashika simu yake. Papa akaifunika kwa kiganja na kumwambia, bon, mama, weka ile simu, angalia nyuma ya ule mwanamke, ile mulango haikukuwa wazi. Keren akaangalia. Alipiga ukelele mpaka jirani yetu Madame Nathalie akagonga ukuta.

Toka siku hiyo wakawa chanda na pete. Keren akitoka shule, mapazia yanafungwa mchana kweupe. Mimi nikirudi kutoka kazini Evere, kwenye ile nyumba ya wazee, nakuta maji ya kusonga bukari hayajawekwa motoni na mtu na kambo wake, mjukuu na babu, wamejifunika blanketi moja, wananiambia nisisimame mbele ya televisheni.

Nilimuuliza Papa utamu uko wapi wa kutazama ngazi saa nzima. Alinijibu kwamba zile za siku hizi, za haraka, damu kila mahali, ukiwasha taa zimekwisha. Hizi za polepole unatoka nazo, unakwenda kuzikuta jikoni kwako. Halafu akaongeza jambo ambalo wakati ule sikulitilia maanani. Alisema kwamba mlango ukiwa bado umefungwa, donc watu wote wa mule ndani ni wazima, na ndiyo maana yeye hakuwahi kuwa na haraka ufunguliwe.

Baadaye aliacha kupanda ngazi, akawa anangoja lifti. Kisha viatu vikaanza kumbana jioni, miguu imevimba. Akaomba mto wa pili, na mwisho akawa analala ameketi. Mimi nawahudumia wazee, Yaya, mambo hayo nayaona kila siku kwa wazazi wa watu. Niliyaona na kwa wangu. Daktari naye alituambia waziwazi kwamba kupasua haiwezekani tena. Papa akanikataza kuwaambia, akisema Maman ataanza kulia kabla ya wakati. Nilimnunia siku nzima, lakini ni baba yangu, ningefanyaje.

Hospitalini Keren alimpelekea tableti. Mara ya mwisho walianza sinema moja ya korido ndefu yenye mlango wa kijani. Ilikuwa mchana, mvua inapiga dirisha, mimi nammenyea chungwa. Papa alikuwa anamfasiria Keren kwa Swahili, sauti ndogo sana, ingawa yule mtoto anajua Kifaransa kuliko sisi wote. Mwanamke wa kwenye sinema akashika kitasa. Papa akasema, “Ngoja.” Keren akasimamisha picha, akangoja. Nami nikangoja, na chungwa mkononi. Papa hakuongeza neno.

Yaya, Papa ametuacha. Hilo ndilo jibu la swali lako.

Maman amepiga tena na tena akitaka kumsikia, nami namwambia amelala. Nikikata simu naingia bafuni, nafungua maji, nalia. Wakongomani wa huku wamekubali wote wasiweke picha yake wala mshumaa kwenye simu zao mpaka Tonton afike, kwa kuwa kwetu habari hii huletwa na mtu, na mtu huyo hukaa. Sasa umejua kwa nini alikulazimisha ule kwanza. Yupo hapo? Nilimwomba asiondoke.

Nisamehe kurasa za mwanzo. Wakati unasoma habari za kofia na blanketi, kwako Papa alikuwa bado mzima. Mimi kwangu hayupo tena mahali popote, na nilitaka abaki kwako kidogo zaidi. Keren hajaimalizia ile sinema. Tableti iko kabatini, mwanamke ameshika kitasa, na hakuna anayethubutu kuigusa.

Mwili tutauleta, karatasi zinashughulikiwa, nami nitakuja nao. Kumwambia Maman nimeshindwa. Umebaki wewe, kaka yangu.

Msalimie Rolande, na watoto kila mmoja kwa jina lake. Salamu za Maman usimpe bado. Mwite mdogo wake, Maman Pétronille, akae naye, na uhakikishe amemeza dawa. Mpikieni mboga ya lengalenga, chumvi atie anavyotaka. Akikuuliza Sidonie ameandika nini, mwambie Keren amekuwa mrefu. Mwache acheke. Mwache ale mpaka ashibe.

Mdogo wako,
Sidonie