Majina Kumi na Moja

Songwa, Shinyanga
18 Novemba 1954

Kaka yangu mpendwa Marcel,

Shikamoo. Natumaini u mzima huko machimboni Geita, na kile kikohozi cha vumbi kimekuachia upumue. Wifi na watoto hawajambo? Sisi tuzima. Mvua zimeanza kwa fujo. Mama miguu inamsumbua, lakini mdomo mzima kabisa, anagombeza hadi kuku.

Mwanao Scolastika amenipita kwa urefu mimi shangazi yake, na jembe analishika kuliko wavulana. Nakuandikia kwa ajili yake, Kaka. Moyo wangu haujatulia.

Unajua vijana wa kigango chetu walivyokuwa. Jumapili walisimama nje wakiegemea baiskeli. Katekista wetu, Mzee Gregory, aliwasoma majina wasioingia, mbele ya watu wote, na kila aliposoma walizidi kupungua. Mwaka jana niliwaita wanne tu wanilimie karanga, nikawapikia ugali. Walipomaliza kula hawakuondoka. Waliniuliza kama Mungu anasikia Kisukuma, kama ni dhambi kwenda migodini bila ruhusa ya baba. Niliyoyajua nilijibu, mengine nikasema sijui. Jumamosi iliyofuata walikuja sita. Sasa ni kumi na mmoja. Wanalimiana mashamba kwa zamu, wanasali pale pale shambani, wanaambiana shida zao. Na Jumapili wanaingia kanisani wote pamoja.

Balaa limeanzia kwa Mzee Mabula. Yeye si Mkristo, mguu wake mbovu, hana wa kumlimia. Vijana wenyewe walisema twende. Lakini mzee yule hajazoea kulimiwa bila ngoma, basi akaketi juu ya kichuguu akapiga. Jembe na ngoma vikikutana kwa Msukuma, wajua mwenyewe. Walirusha majembe juu, wakayadaka, wakacheza mpaka shamba likaisha. Scolastika alikuwa mstari wa mbele. Mimi nilikuwapo na chungu cha viazi, na sikumkataza mtu. Nilicheka hata machozi.

Habari zilimfikia katekista zikiwa zimenenepa. Jumatatu alikuja nyumbani akakataa hata kiti. Alisema, "Mama Stanslaus, Jumamosi mbele ya wazee utawataja wote waliocheza ngoma ya kipagani. Usipowataja, kikundi chako kimekwisha." Atakayetajwa ataondolewa kwenye orodha ya Kipaimara, na Askofu wa kuitoa hafiki huku ila baada ya miaka mingi. Scolastika amejifunza mwaka mzima.

Tangu siku hiyo vijana wananipita kando. Juzi tulikuwa tunatwanga, Scolastika akasimamisha mchi. "Shangazi, utatutaja?" Nikamwambia atwange tu.

Nilishindwa kumjibu kwa sababu yako, Kaka. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili, katekista wa zamani aliniuliza ni nani aliyekwenda ngomani. Nikasema Marcel. Nilitaka kusifiwa, naye akanisifu. Wewe ulisimamishwa mbele ya watu, ukatoka nje ya kanisa, na hadi leo hujaingia tena. Watu husema ulipotezwa na dhahabu, nami nimewaacha waseme. Hukuwahi kujua aliyekutaja. Ni mimi. Nisamehe.

Jumamosi nitakwenda. Wakitaka majina nitawapa moja, Apolonia, aliyepeleka viazi akacheka. La pili hawalipati. Naogopa, sikufichi. Huenda nami nikazuiwa Komunyo, na kikundi wakakifunga. Lakini shamba langu hawawezi kulifunga, na karanga zitataka palizi. Leo asubuhi nimemwambia Scolastika hivyo. Alichukua jembe akaenda kuwaita wenzake.

Anasema akipata Kipaimara anataka baba yake awe ndani ya kanisa, si nje. Mimi sina uso wa kukuomba hilo. Nimelifikisha tu.

Barua hii anakuletea Thobias, anayerudi huko kesho. Mama anakusalimu, Stanslaus pia. Mpe mkono wifi, na watoto wote uwabusu. Mungu akulinde ukiwa chini ya ardhi, akutoe salama kila jioni.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ambaye leo ndiyo umenijua,
Apolonia